Kabla hujaiamini simulesheni ya darasa lako, kagua namba ya kuteleza

Mi nafundisha mathe kidato cha kwanza, na mwaka jana nikaanza kuchezea simulesheni kwenye laptopu, yaani unatengeneza darasa la wanafunzi 60 wa kufikirika alafu unaangalia watashika mada baada ya maswali mangapi. Ukitaka kujaribu usianze na makubwa. NetLogo, programu ya simulesheni ya Uri Wilensky, ni ya bure na iko toka 1999, ila utaihitaji baadae ukitaka kuona wanafunzi wanavyofundishana wenyewe kwa wenyewe. Kwa kuanzia Excel inatosha, chukua modeli ya watafiti Corbett na Anderson ya 1995, inayokadiria kama mtoto anajua kitu kwa kuangalia majibu yake, ina namba 4 tu: uwezekano kwamba mtoto alishajua toka mwanzo, wa kujifunza kila akifanya swali, wa kubahatisha, na wa kuteleza, yaani anajua lakini anakosa.

Hiyo ya kuteleza ndo ilinipoteza. Niliweka asilimia 10 na kubahatisha 5, nikaona sawa tu. Sasa piga hesabu: mtoto ambaye modeli inaamini kwa asilimia 60 kwamba anajua sehemu (zile za hesabu, kama 1/2), akikosa swali moja tu imani inaporomoka hadi kama 14! Kwaiyo modeli ikaniambia darasa karibu lote halijui kitu, nami nikarudia sehemu wiki nzima na watoto wamenuna.

Alafu nikamwita binti mmoja mezani, daftari lake lina mikasi mitupu. Namuuliza dinomineta ni ipi, kimya, anaangalia chini. Nikamuuliza kwa Kiswahili, asili ni ipi? "Si hii ya chini mwalimu," akachukua peni akamaliza swali lote mbele yangu. Iliniuma sana, maana hawa wametoka msingi wanasoma kwa Kiswahili, wanafika sekondari ghafla kila kitu Kiingereza, na mi nilikua nahesabu lugha kama ujinga wa hesabu.

Nikapandisha kuteleza hadi 40, kosa lilelile sasa linamwacha yule mtoto wa asilimia 60 kwenye 39.

Kwaiyo usiiokote hiyo namba hewani jamani. Chukua watoto kumi waliokosa, wape swali lilelile kwa mdomo, kwa Kiswahili, uone wangapi wanapata, ndo urudi kwenye Excel. Na kama maswali yako ni ya kuchagua kati ya majibu manne basi kubahatisha anzia 25.