Watu Wametoka Wanene Kwenye Video? Pima Duara Kwanza

Ukiona watu kwenye video uliyoitoa (export) kutoka kwenye programu ya kuhariri wamenenepa ghafla au wamerefuka shingo, usikimbilie kuivuta picha kwa mkono. Wengi hufanya hivyo: wanarudi kwenye programu, wanashika kona ya klipu, wanabana upana mpaka nyuso zipendeze, kisha wanatoa upya. Wakati mwingine inakubali. Ila kosa la kwanza bado lipo na juu yake umeweka la pili. Siku utakapobadilisha mpangilio wa mradi, yatajitokeza yote mawili kwa pamoja. Nimeletewa miradi ambayo kila klipu imebanwa kivyake, hii asilimia 74, ile 76, kwa sababu aliyebana aliamini macho yake. Kunyoosha mradi wa namna hiyo kunachosha kuliko kuuhariri upya.

Macho huzoea haraka mno. Ukimtazama mtu aliyetanuliwa kwa dakika kumi unamwona wa kawaida, na ukirudi kwenye picha sahihi unamwona amekonda. Kwa hiyo mimi siamini sura ya mtu. Naamini duara.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha kwanza faili ndiyo yenye tatizo. Televisheni nyingi zina kitufe cha kutanua picha, na kuna mtu nyumbani aliwahi kukibonyeza akakiacha hivyo. Kwenye VLC ya kompyuta, ambayo ni kichezeshi cha video, herufi A peke yake hubadilisha uwiano wa picha (upana ukilinganishwa na kimo), na ni rahisi kuigusa bila kujua. Fungua faili ileile kwenye simu, kisha kwenye kichezeshi kingine cha kompyuta. Ikiharibika kote kwa namna moja, ugonjwa uko ndani ya faili. Ikiwa sawa huku na mbaya kule, nitalirudia hilo mbele.

Sasa duara. Ndani ya video uliyopiga, tafuta kitu cha mviringo kinachoitazama kamera uso kwa uso: saa ya ukutani, tairi la gari lililopigwa kwa ubavu. Kiwe karibu na katikati ya fremu, maana lenzi pana huvuta vitu vya pembeni hata pale ambapo mipangilio yote ni sahihi. Sahani iliyolala mezani haifai, kwa kuwa kamera inaiona kwa mshazari. Kisha weka duara la pili: picha ya kawaida yenye mduara, tuseme pikseli 500 kwa 500, iingize kwenye taimulaini (ukanda wa kupangia klipu) juu ya klipu hiyo. Toa sekunde tano tu, si video nzima. Simamisha, piga picha ya skrini, ufungue kwenye programu yoyote ya picha, upime upana wa kila duara na uugawe kwa kimo chake.

Maduara mawili yanakuonyesha mahali penye hitilafu. Kama duara uliloliweka mwenyewe limetoka safi lakini saa ya ukutani imekuwa yai, mpangilio wa kutoa hauna kosa. Programu imeisoma vibaya klipu yako tangu mwanzo. Kama yote mawili yamekuwa mayai kwa kiasi kilekile, klipu haina hatia na kosa liko kwenye dirisha la kutoa. Nimeona watu wakihangaika na kodeki (mfumo wa kubana data za video) usiku kucha kumbe kosa lilikuwa upande wa pili kabisa. Kodeki, kwa kawaida, haihusiki na umbo la picha hata kidogo.

Namba yenyewe ndiyo inayotaja chanzo. Ukipata 1.33, picha ya 4:3 (umbo la televisheni za zamani) imetanuliwa ijaze fremu ya 16:9 (umbo la skrini pana za leo). Ukipata 0.75, ni kinyume chake: picha pana imebanwa ikae kwenye 4:3. Mara nyingi utakutana na hii kwenye faili za pikseli 1440 kwa 1080, ambazo kamera za HDV na baadhi ya za AVCHD (miundo ya kurekodi video) zilirekodi kwa wingi. Gawa 1440 kwa 1080 upate 1.33, ilhali picha inatakiwa ionekane kwa 1.78, yaani 16:9. Pengo hilo linazibwa na umbo la pikseli zenyewe: si za mraba, kila moja ina upana mara 1.333 ya kimo chake, na 1440 mara 1.333 ni 1920. Programu ikizihesabu kama za mraba, kila mtu anakonda kwa robo. Dawa haiko kwenye ukubwa wa klipu. Iko kwenye sifa za klipu, mahali ambapo Premiere Pro huita “Interpret Footage” na DaVinci Resolve huita “Clip Attributes”. Hapo unaiambia programu umbo halisi la pikseli, na kila kipande ulichokata kutoka kwenye klipu hiyo kinanyooka bila kukigusa.

Kanda za zamani za DV zina mchezo huohuo, tena wa pande mbili. Kiwango cha mwaka 1982 cha kugeuza picha ya televisheni kuwa ya kidijitali kiliweka sampuli 720 kwa kila mstari, iwe mfumo ni wa mistari 576 au 480, na ndiyo maana pikseli hazikuwa za mraba huku wala kule. Ukisoma faili ya 720 kwa 576 ya 4:3 kama ya pikseli za mraba, watu wanarefuka na duara linashuka mpaka kati ya 0.91 na 0.94. Ya 720 kwa 480 inawanenepesha, na duara linapanda mpaka kati ya 1.1 na 1.13. Ni tofauti ndogo, na ndogo ndizo zinazopita bila kuonekana mpaka ndugu wa bibi harusi aulize kwa nini dada yake amevimba.

Ukipata 3.16 huna haja ya kupima, umeshaiona: video ya wima ya simu imetandazwa kwenye fremu ya kulala. Tafuta chaguo la namna picha inavyojazwa kwenye fremu. Kwenye dirisha la kutoa la Premiere Pro, kosa huitwa “Stretch to Fill”. Kwenye mipangilio ya mradi ya DaVinci Resolve ni “Stretch frame to all corners”. Machaguo yaliyobaki yanakubakizia ama mistari myeusi pembeni, ama kukatwa kwa juu na chini. Hakuna la tatu lisilo na gharama. Mimi huchagua mistari myeusi, na ule mtindo wa kuweka picha ileile iliyofifishwa nyuma yake sijaupenda hadi leo.

Duara la 0.94 kutoka kwenye kamera ya kisasa lina maelezo yake. Kuna “4K” mbili: ya sinema ni 4096 kwa 2160, ya televisheni ni 3840 kwa 2160. Kimo ni kimoja, upana ni tofauti. Ukiilazimisha ya kwanza iingie kwenye fremu ya pili huku kitufe cha kufunga uwiano kimezimwa, watu wanapungua upana kwa asilimia 6 hivi. Kata pembeni kidogo badala ya kubana.

Sasa ile faili inayokubali kwenye kifaa kimoja na kukataa kwenye kingine. Uwiano wa picha unaweza kuandikwa mara mbili, kwenye ganda la faili (kifungashio kinachobeba picha na sauti, kama MP4) na ndani ya video yenyewe, na maandishi hayo mawili yakipingana, kila kichezeshi huchagua cha kuamini. Video za simu zina alama nyingine tena: simu nyingi hurekodi picha ikiwa imelala, kisha huandika kwamba igeuzwe nyuzi 90. Programu isiyosoma alama hiyo huionyesha video ubavu, au huisukuma kwenye fremu isiyo yake. MediaInfo, programu ya bure, itakuonyesha upana, kimo, uwiano wa kuonyesha na kiasi cha mgeuzo. Isome kwa faili asilia na kwa faili uliyoitoa, uziweke bega kwa bega.

Kwa faili ninayompa mteja sitaki maelezo ya ziada ya kubishaniwa. Naitoa kwa pikseli za mraba, 1920 kwa 1080, hata kama chanzo kilikuwa 1440. Kwa FFmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi, ikiwa chanzo ni cha 16:9, mstari ni huu:

ffmpeg -i chanzo.mp4 -vf "scale=1920:1080,setsar=1" tayari.mp4

Kama picha yenyewe ni nzima na maandishi ya ganda tu ndiyo yamekosewa, hakuna haja ya kuichakata upya:

ffmpeg -i chanzo.mp4 -c copy -aspect 16:9 tayari.mp4

Hii ya pili inamalizika kwa sekunde chache na haigusi ubora, ila inabadilisha ganda pekee, kwa hiyo kichezeshi kinachosoma maandishi ya ndani kinaweza kuendelea kukaidi.

Na kama mradi umepotea, umebaki na video iliyoharibika tu? Iliyotandazwa inaokoka, kwa sababu hakuna kilichokatwa. Ya wima iliyovutwa mpaka 1920 kwa 1080 unairudisha kwa kubana upana. Hesabu inatoa 607.5, lakini kodeki ya H.264 ya kawaida inataka namba shufwa, kwa hiyo andika 608. Nusu pikseli hiyo hakuna atakayeiona. Iliyokatwa juu na chini ndiyo haina dawa, itabidi umwombe aliyepiga akutafutie faili asilia.