Maswali na majibu: damu ya mtemi, Mtunya na michoro ya Kolo

Leo najibu ya ukoo na kabila tu. Mlioniuliza habari za viwanja, kamwoneni afisa ardhi.

Swali: Je, ni vibaya kujivunia kabila langu? (Msomaji, Chang'ombe)

Si vibaya. Hili nimelijibu mara nyingi, someni kabla ya kuuliza.

Swali: Babu mzaa baba alikuwa mtemi. Sisi wajukuu tunastahili heshima gani kijijini? (Chamwino)

Ile mtakayopewa kwa mwenendo wenu. Utemi kama cheo cha utawala ulifutwa 1963, hakuna anayedaiwa kukuinamia. Na ukisimulia utemi, simulia wote. Watemi wa Ugogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, misafara iliyopita kati ya pwani na Unyamwezi, kwa sababu maji yalikuwa ya kwao na msafiri hakuwa na pa kukwepea. Hiyo ilikuwa akili, isifuni. Ila misafara hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu pamoja na watumwa, na hongo ilipokelewa vilevile. Anayejigamba kwa zizi la ng'ombe asikatae kuzoa samadi.

Kisha nijibu na wewe: bibi yako mzaa mama aliitwa nani? Wenye "damu ya mtemi" wengi hukwama hapo.

Tena tahadhari, ingawa hukuuliza. Tangu serikali ihamie Dodoma, jina la babu limegeuzwa hati ya kuuzia mashamba. Msinunue kwa mtu anayejitambulisha kwa ukoo tu. Ulizeni serikali ya kijiji na majirani wa mpakani.

Swali: Baba Mgogo, mama Mrangi. Mimi ni nani?

Mtoto wao. Koo nyingi za Kigogo zenyewe husimulia kwamba zilitoka Uhehe, Unyamwezi na Ukaguru. Huyo Mgogo asiyechanganyika wanayekupimia naye, sijui wamemwona wapi.

Swali: Chuoni Dar wananiita ombaomba. Naona haya kusema nimetoka Dodoma.

Akisema mtani wako, mrudishie kali zaidi, mmalizane. Asiye mtani mkalishe chini umweleze Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na baadaye Waingereza walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Watu walikufa kwa wingi, waliosalia wakatawanyika kutafuta chakula. Aibu ya hapo ni ya aliyebeba ghala la mwenzake. Halafu mwulize kama amewahi kumsikia Hukwe Zawose, aliyelifikisha zeze la Ugogo kwenye majukwaa ya Ulaya. Wewe je, umewahi kulishika? Maana wengi mnaudhika upesi, lakini mlenda wenyewe mmeuacha.

Swali: Michoro ya miambani ya Kolo ilichorwa na babu zetu Warangi, sivyo? (Kondoa)

Mingi ni ya zamani kuliko Warangi kufika huko. Ile myekundu wataalamu huihusisha na wawindaji, myeupe na wakulima waliofuata. Wasandawe, ambao jadi yao ni uwindaji, ndio wa kusikilizwa kwanza. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia 2006, na kuitunza ni sifa ya kutosha, hamna haja ya kudai mliichora. Anayemwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha, na anayefukua chini ya miamba akisaka rupia za Mjerumani, nyote mnaharibu.

Swali: Mwanangu hajui Kigogo hata salamu. Nimlaumu nani?

Nani alimsemesha Kiswahili tangu anazaliwa? Desemba mpeleke kwa bibi yake, msimu wa kulima ukiwa umeanza, na simu yake ibaki kwako.