Krimu ya paji la uso: ikianza kuchubua, usikimbie

Nina ualbino na nimekulia Moshi, kwa hiyo ngozi kavu haikuwahi kunishtua. Vijibaka vilipoanza kwenye paji la uso nikapaka vaselini nikaendelea na shughuli. Vilikwaruza kama msasa. Ukibandua gamba, baada ya wiki linarudi palepale. Daktari wa ngozi alipapasa kwa kidole tu akasema, "Hii bado si saratani, ila tukiiacha inaweza kugeuka."

Kijibaka kimoja kilikuwa kigumu na kinavuja damu. Hicho alikikata kinyama kidogo kikapelekwa maabara kwanza. Nawe usikubali kuanza krimu kabla uvimbe wa namna hiyo haujapimwa, kwani saratani iliyokwisha kuzama ndani hutaiona ikiendelea chini ya ngozi inayoonekana imepona. Majibu yalikuwa mazuri. Vingine vilikuwa vimetapakaa, ndiyo maana badala ya kuvichoma kimoja kimoja kwa nitrojeni ya baridi kali akaniandikia krimu iitwayo imikwimodi, ya asilimia 5.

Nyumbani nikasoma karatasi ya ndani: dawa ya masundosundo ya sehemu za siri! Nilitaka kuirudisha. Kumbe Marekani waliiidhinisha mwaka 1997 kwa masundosundo hayo, yanayoletwa na virusi, na mwaka 2004 wakaiongezea vijibaka vya kuharibiwa na jua kama vyangu. Yenyewe haiui kirusi. Inaamsha kinga ya mwili, kisha kinga ndiyo inayozishambulia seli zilizoharibika. Ule wekundu unaoutisha mtaa mzima ni mwili wako mwenyewe uko kazini.

Nilipaka Jumatatu na Alhamisi usiku, eneo la sentimita 5 kwa 5, nikanawa asubuhi, kwa wiki 16. Pakiti ikishafunguliwa, kinachobaki unatupa, hata kama bei inauma. Mimi ubahili ulinishinda: wiki ya tatu nikapaka yote iliyobaki hadi kwenye nyusi. Keshoye homa, viungo vinauma, kichwa kinagonga. Nikakimbilia zahanati kupima malaria, haikuonekana, na bado nikapewa dawa ya malaria! Sikutaja krimu kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Taja. Homa ya namna ile dawa hii huweza kuileta, na daktari wangu alinisimamisha wiki moja tu, tukaendelea.

Wiki ya tano ndiyo mbaya. Paji lilikuwa jekundu, limechubuka, lina magamba ya njano. Kanisani nilikaa benchi zima peke yangu. Mama alinishika kidevu, akanigeuzia dirishani.

"Mwanangu, nani kakuunguza?"

"Ni dawa, mama."

"Dawa gani inayoumiza mtu hivi? Iache."

Nilikaribia kumsikiliza. Kilichonisaidia ni picha: kila Jumapili nilijipiga kwa simu, dirisha lilelile, saa ileile, na daktari alipoziangalia kwa mfululizo akanionyesha magamba yanavyoanguka bila kurudi. Ila usaha ukitoka au jicho likivimba, usingoje Jumapili.

Miezi yote hiyo kofia pana haikutoka kichwani, na mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yale yanayotengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, nilipaka sehemu zisizochubuka. Sasa kidole kinateleza. Kijibaka kimoja karibu na nywele kiligoma. Hicho kilichomwa kwa nitrojeni mwezi uliopita, na gamba lake bado halijadondoka.