Nyuma ya Kofia za Power Rangers: Maswali ya Wasomaji

Kwa nini shujaa wa manjano katika Power Rangers, kipindi cha televisheni cha Kimarekani cha watoto, ni msichana, ilhali vazi lake halina sketi kama la mwenzake wa waridi?

Kwa sababu mapigano mengi ya msimu wa kwanza, ulioanza kurushwa Marekani mwaka 1993, yalirekodiwa Japani. Kampuni ya Saban ya Marekani ilinunua picha za tamthilia ya mwaka 1992 ya Toei, kampuni ya filamu ya Japani, ikawarekodi waigizaji wa Kimarekani katika sehemu ambazo nyuso zinaonekana, kisha ikaziunga. Mvaaji wa manjano kule Japani alikuwa mwanamume. Nafasi hiyo alipopewa mwigizaji wa kike, Thuy Trang, vazi likabaki lilivyokuwa.

Mashujaa watatu walipotelea wapi katika msimu wa pili?

Kwenye hadithi, walichaguliwa kwenda mkutano wa amani Uswisi. Kwa kweli Thuy Trang, Austin St. John na Walter Jones waliacha kazi mwaka 1994 kutokana na mvutano wa malipo. Kwa vipindi kadhaa watayarishaji walitumia picha za zamani na watu wa badala walioonyeshwa kwa mbali au kwa mgongo, na ukijua jambo hilo huwezi tena kuvitazama bila kutabasamu.

Msimu huohuo ulikuwa na tatizo kubwa zaidi. Wajapani hubadilisha mavazi na hadithi karibu kila mwaka, lakini watoto wa Marekani walikuwa wameshayazoea yale ya kwanza. Saban iliyabakiza, ikachukua maroboti ya tamthilia iliyofuata, na Toei ikalipwa kurekodi mapigano mapya. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ndio uliowapa Wamarekani kipindi chao wenyewe.

Kwa nini mandhari ya California yalitoweka?

Disney iliinunua kampuni ya Saban mwaka 2001, na kuanzia msimu wa 2003 kazi ikahamia New Zealand, ambako gharama zilikuwa nafuu. Ajabu ni kwamba televisheni ya nchi hiyo ilikuwa imekiondoa kipindi hicho mwaka 1994 baada ya malalamiko kuhusu ukatili.

Mmiliki wa sasa ni nani?

Ni Hasbro, watengenezaji wa vinyago. Haim Saban, mwanzilishi wa kampuni ya Saban, alikinunua tena kipindi hicho kutoka Disney mwaka 2010, akawauzia Hasbro mwaka 2018 kwa dola milioni 522 za fedha taslimu na hisa. Chini yao, msimu wa 2023 uliwavika mashujaa mavazi yasiyotoka Japani, ingawa mapigano ya maroboti yaliendelea kuazimwa kwa Toei.