Uliza Tukujibu: Yule anayesimama pembeni ya steringi

Wasomaji wangu, wiki mbili hizi maswali ya muvi yamenijaa kwenye simu, nadhani ni kwa ajili ya ule ubishi wa kijiweni Mwanga ambao umefika mpaka Ujiji na sasa naona umepanda treni umefika Tabora. Leo ukurasa mzima ni huo. Maswali nimeyafupisha kidogo tu, maneno ni ya kwenu.

Shikamoo kaka. Mi fundi simu hapa Mwanga, Kigoma. Kuna mzee kijiweni kasema yule rafiki yake Indiana Jones, yule bonge mwenye ndevu anayevaa tarbushi, amekulia hapahapa Tanzania. Watu wakamcheka sana. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona maisha yake yote hajawa steringi, yani mhusika mkuu? (Fundi, Mwanga)

Marahaba mdogo wangu. Nendeni mkamwombe radhi huyo mzee maana kasema kweli tupu. Anaitwa John Rhys-Davies, mtu wa Wales, kazaliwa 1944, baba yake alikuwa askari polisi wa serikali ya kikoloni huku Tanganyika, kwahiyo utotoni ameishi Dar es Salaam, Kongwa, Moshi na Mwanza, alafu akapelekwa kusoma Cornwall huko Uingereza, akamalizia chuo kikuu cha East Anglia akiwa kwenye kundi la wanafunzi wa mwanzo kabisa wa chuo hicho, na baadaye RADA, shule ya uigizaji ya London ambayo kuingia tu ni kazi. Yani mtoto aliyecheza kwenye vumbi la Kongwa ndo yule mnayemwona jangwani na Harrison Ford, aliyecheza Indiana.

Sasa hilo la usteringi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulizoea hesabu moja, steringi hafi, adui anakufa mwisho, na yule rafiki wa steringi anakufa katikati ili steringi apate hasira. Nilikuwa mtoto nakaa mbele kabisa kwenye benchi, jenereta linanguruma nje, na kila aliyekuwa pembeni tulimwita "yule mwingine". Mimi leo nasema tulimkosea sana yule mwingine.

Angalia kazi yake ilivyokwenda. 1980 alicheza nahodha wa Kireno, Vasco Rodrigues, kwenye tamthilia ya Shōgun, kazi ile ikamtoa mpaka akapendekezwa kwenye tuzo za Emmy, za televisheni ya Marekani. Steven Spielberg, mwongozaji wa Indiana Jones, akaiona. Wakati huo Spielberg alikuwa anamtafuta mtu wa kucheza Sallah, mchimbaji wa Misri, ndo huyo rafiki wa Indiana, na mwanzoni walimfikiria mwigizaji Danny DeVito ambaye ni mfupi mno, ila DeVito alikuwa amebanwa na kazi ya televisheni. Basi akaja huyu baba mrefu, kifua kipana, sauti inatoka tumboni, na Sallah akageuka akawa mtu mwingine kabisa. Kazi moja ndogo imeita nyingine, na mtu wa pembeni maisha yake yote yanaenda hivo, hakuna anayeandikiwa muvi kwa jina lake, kila mara anaonwa na mtu mahali fulani.

Kuna sini moja kwenye ile ya 1981, Raiders of the Lost Ark, naomba mkairudie polepole. Wako kwa yule mzee anayesoma maandishi. Indiana kashika tende, kairusha juu, kainua uso na mdomo wazi anaisubiri ishuke. Sallah kamwona kima amelala chini amekufa kwa tende hizohizo, zina sumu. Hapigi kelele wala harukiruki, mkono wake mmoja unapita juu ya uso wa steringi na kuidaka ile tende hewani kabla haijagusa ulimi. Basi. Ni sekunde chache lakini kuanzia hapo unaamini hawa watu wawili wanajuana miaka, na hakuna mtu aliyekuelezea kwa maneno. Hiyo ndo kazi yenyewe. Steringi anaonekana ana rafiki kwa sababu kuna mtu amekubali kuwa rafiki mbele ya kamera bila kuomba aangaliwe yeye.

Alafu hesabu. 1985 alikuwa adui kwenye King Solomon's Mines, waliishuti Zimbabwe. 1987 akawa jenerali wa Kirusi, Pushkin, kwenye James Bond. 1989 Sallah tena. Miaka ya 1990 profesa kwenye tamthilia ya Sliders. 2008 wakamwita aonekane kidogo tu kwenye harusi ya mwishoni mwa Indiana Jones, akakataa, aliona watazamaji wanastahili zaidi ya kuonyeshwa sura tu. Alafu 2023 Sallah akarudi kweli, mwenye miaka 79. Kutoka tende mpaka hapo ni miaka 42! Ndani ya muda huohuo James Bond amebadilika kutoka Roger Moore kwenda Timothy Dalton, Pierce Brosnan na Daniel Craig, masteringi wanne wamepita mlango mmoja.

Kuna jambo haliniridhishi na lazima niliseme. Sallah ni Mmisri, aliyemcheza ni Mwelsi, na ile Cairo mnayoiona ni mji wa Kairouan huko Tunisia. Waigizaji Waarabu walikuwepo. Nampenda sana huyu mzee na bado naona nafasi ile ilipaswa kumfikia Mmisri, na haya mawili yote nayabeba pamoja.

Mambo kaka. Binti yangu ananibishia kuwa yule mfupi mwenye shoka kwenye Lord of the Rings ni huyohuyo wa Indiana Jones. Nikamwambia haiwezekani, yule mfupi. Nani kashinda? (Mama wa watatu, Kibirizi)

Poa dada. Kashinda binti, mnunulie soda.

Gimli ni huyohuyo Rhys-Davies, na ana urefu wa futi sita na zaidi kidogo, mrefu kuliko wenzake wote wale nane aliosafiri nao kwenye hadithi. Walipanga hivi, wale wanne wadogo, mahobiti, lazima waonekane wafupi sana kuliko watu wa kawaida, na Gimli naye mfupi ila sio kama wao, sasa ukiweka mtu mrefu kati ya waigizaji wa kawaida acheze Gimli ule uwiano wake na wale wanne unakaa vizuri, ukimpunguza mmoja kwenye kamera unawapunguza wote kwa kipimo kilekile. Ni akili ya fundi seremala.

Zile sini za mbali au za kupigana alisimama mtu mwingine, Brett Beattie, ambaye kweli ni mfupi. Huyu Beattie namtaja kwa makusudi, watu wachache sana wanamjua. Waigizaji wale walipomaliza walikubaliana wote tisa wachore tatuu moja, Rhys-Davies akasema aliyestahili ni Beattie, basi tatuu ya tisa iko kwenye mwili wa Beattie. Kwahiyo dada, mtu wa pembeni naye alikuwa na mtu wa pembeni yake na hakumsahau.

Ule uso wa Gimli ulikuwa ni mipira ya bandia inayobandikwa usoni kwa gundi kila asubuhi, masaa mengi, na gundi ile ilimdhuru, ngozi ya kuzunguka macho ikawa inavimba na kuchubuka mpaka inabidi apumzishwe ndo aweze kubandikwa tena. Alivumilia hivo New Zealand kwenye kazi iliyoanza 1999 na kumalizika 2000 ikatoka muvi tatu, na juu yake akaweka sauti ya ule mti mzee unaotembea, Treebeard. Muvi ya tatu ikachukua Oska 11 mwaka 2004, kati ya 11 ilizopendekezwa, na hakuna hata moja ya mwigizaji. Ila chama cha waigizaji cha Marekani kikawapa tuzo ya kundi zima la waigizaji, na mimi hiyo naipa uzito mkubwa kwa sababu wanaopiga kura ni watu wa kazi hiyohiyo, wanajua gundi usoni ni nini.

Shikamoo. Nipo Isevya, Tabora, nashona nguo na jioni naigiza na kikundi. Nimeitwa Dar kucheza kwenye muvi, nafasi yangu ni maneno matano. Matano tu. Nauli natakiwa nijitegemee, mama anasema kuacha cherehani kwa ajili ya maneno matano ni ujinga. Niende nisiende? (Kijana wa Isevya)

Marahaba mwanangu. Mpe mama shikamoo yangu, na mwambie hasira yake naielewa.

Miaka mingi nyuma mimi mwenyewe niliitwa na watu wa kampuni moja, sitaitaja, walikuja Kigoma kushuti habari za misafara ya zamani. Tukavalishwa shuka, tukabeba masanduku kutoka ziwani kupanda juu, siku tatu, sanduku langu walilijaza mawe kweli ili nionekane naelemewa. Malipo yakaja ya siku moja. Tulipouliza siku mbili zingine, tukaambiwa zile zilikuwa za mazoezi, na hakuna karatasi tuliyokuwa tumesaini. Bega lilipona, ile ya kudhulumiwa bado nnayo.

Kwahiyo kabla hujapanda treni, waulize hivi na wakujibu kwa maandishi hata kama ni meseji: siku ngapi, shilingi ngapi kwa siku, siku ya kusubiri bila kuitwa inalipwa au hailipwi, unalala wapi, na jina lako litaandikwa mwisho wa muvi au hapana. Hilo la jina usilione dogo, maana ndo barua yako ya kuombea kazi ya pili. Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka 1960 mpaka wakakubaliwa walipwe tena muvi zao zikionyeshwa kwenye televisheni, ndo maana wazee wa pembeni kule wengine bado wanapata hela ya kazi ya zamani. Haikuja kwa huruma ya mtu, ilisainiwa.

Wakikataa kuandika, baki na cherehani. Wakiandika, nenda, na cherehani mwachie mdogo wako asiuze! Huyo Rhys-Davies mwenyewe aliwahi kufundisha shule kabla uigizaji haujamlisha. Na ukishapewa skripti isome yote, sio ukurasa wako tu, ujue yule unayemwambia hayo maneno matano ametoka wapi na anaenda wapi, maana kazi yako siku hiyo ni kumfanya yeye aaminike. Ukirudi ukaona damu bado inachemka, ulizia TaSUBa pale Bagamoyo, wanafundisha sanaa za maonyesho toka enzi kinaitwa Chuo cha Sanaa.

Habari kaka. Mimi ni mwalimu hapa Ujiji. Napeleka wanafunzi makumbusho ya Livingstone kila mwaka, wananiuliza kama kuna muvi ya hii habari na kama kuna mtu wetu ndani yake. Nijibuje? (Mwalimu, Ujiji)

Nzuri mwalimu, swali lako limenigusa sana.

Zipo. Ya zamani ni Stanley and Livingstone ya 1939, Spencer Tracy ndo Stanley. Pembeni yake wakamweka Walter Brennan kama rafiki mzee wa safari, mtu wa kutungwa, hayumo kabisa kwenye safari halisi ya 1871, Stanley alipokuja Ujiji kumtafuta Livingstone. Brennan huyu ndo mtu wa kwanza duniani kupewa Oska ya mwigizaji msaidizi, kwa muvi ya 1936, tuzo ilikuwa ndo imeanza na wasaidizi walipewa kibao tu badala ya sanamu. Alichukua tatu jumla, fundi hasa. Lakini ile nafasi ya mwenza wa safari kwenye historia ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao, alitekwa utotoni akauzwa mpaka India, akarudi akiwa huru, na akawaongoza Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, kupita Kazeh, ambayo ndo Tabora, mpaka hapo Ujiji mwezi wa pili 1858. Kihindi alichojifunza utumwani ndo kilimfanya aelewane na Speke. Alafu akaenda tena na Speke kutafuta Nile, na 1871 alikuwa kapteni wa askari wa Stanley. Yani siku ile Stanley anamvulia Livingstone kofia hapo Ujiji, Bombay mji ule alishaujua miaka 13 kabla.

Yeye ameigizwa kwenye Mountains of the Moon ya 1990, na aliyemcheza ni Mkenya, Paul Onsongo. Burton na Speke ndo masteringi na majina yao yako juu. Itazame kwanza mwenyewe mwalimu, ina sini za watu wazima na za damu, darasani usiiweke yote, chagua vipande vyenye Bombay. Na siku ya makumbusho, mkishamaliza la Stanley na Livingstone chini ya mwembe, wasimulie na Bombay pia, alafu waulize nani darasani angependa kumcheza. Nina hakika hutakosa mikono.