Muuguzi nje ya zamu Uingereza: sheria inakudai nini

Dada, umeuliza kama unaweza kufutiwa usajili kwa kutomsaidia abiria aliyeanguka ndani ya basi London, nawe hukuwa zamu. Tenganisha mambo mawili. Sheria ya England haimlazimishi mpita njia, hata akiwa muuguzi, kumwokoa asiyemjua. Lakini NMC (Baraza la Wauguzi na Wakunga), wanaosimamia usajili wako, wanakutaka utoe msaada wa dharura popote ulipo. Ni kifungu cha 15 cha kanuni zao. Hatari yako iko huko zaidi kuliko mahakamani.

Kifungu hichohicho kina mipaka: ujuzi wako, usalama wako, na kama wapo wengine wa kusaidia. Piga 999, kaa na mgonjwa. Asipopumua kawaida (kukoroma kwa vipindi si kupumua), kandamiza kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mtume mtu alete mashine ya kushtua moyo. Hofu ya kushtakiwa kwa mbavu zilizovunjika wakati wa kukandamiza kifua naona imetiwa chumvi. Sheria ya 2015 iitwayo Social Action, Responsibility and Heroism Act inaitaka mahakama izingatie kwamba ulikuwa unasaidia. Ila ukishaanza unawajibika, kwa hiyo usiondoke kabla ya kumkabidhi kwa wahudumu wa ambulensi.

NMC wakikuandikia barua, usijibu kabla ya kuzungumza na chama chako cha wauguzi au wakili.