Maswali yenu: kijitabu cha hadithi unachokishona mwenyewe

Haya wadau, juzi niligusia tu kwamba hadithi zangu fupi siku hizi naziprinti na kuzishona mwenyewe mezani kwangu halafu nauza mkono kwa mkono, maswali yakamiminika. Nimechukua matano.

Hadithi yangu ina maneno kama 3,000, itatoka kurasa ngapi? (Morogoro)

Chukua A4 moja, ikunje katikati, tayari una kurasa 4. Ndo maana kurasa za kijitabu lazima zigawanyike kwa 4, ukiwa na 13 basi unazo 16 upende usipende. Kwa fonti ya pointi 11 na pambizo za kupumua, ukurasa unabeba maneno kama 250, kwa hiyo yako ni kurasa 12, ongeza wa jina, wa haki na namba ya kukupata, na mbili tupu, hizo 16. Karatasi 4 tu, kava mbali. Rimu moja ina karatasi 500 so inakutolea vijitabu 125, piga hesabu mwenyewe. Ila usipunguze fonti kisa kubana matumizi jamani, watu wanasomea kwenye daladala.

Nimeprinti, kurasa za nyuma zimetoka kichwa chini. (Dodoma)

Pole, hapo wengi tumepita. Mara yangu ya kwanza nilimwachia kijana wa steshenari flashi nikaenda kunywa chai, narudi nakuta kopi 40 zimeshatoka na kila ukurasa wa nyuma umesimama kwa kichwa, na siwezi kumlaumu maana sikumwambia kitu. Kwenye dirisha la kuprinti chagua "Booklet", kisha pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Kama programu yako haina hiyo, kunja karatasi 4 tupu pamoja, andika namba kwa penseli 1 mpaka 16, halafu zifungue uone nani kakaa na nani: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, na kuendelea. Kurasa mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu kwenye karatasi iliyofunguliwa ukizijumlisha unapata 17 kila mara, ukipata kingine umeshakosea. Na utoe nakala MOJA kwanza, uikunje, uisome, ndo uruhusu zingine.

Stepla yangu haifiki katikati, ni lazima nishone? (Mombasa)

Si lazima. Ifungue stepla kabisa, laza kijitabu juu ya kipande cha boksi, gonga pini ipenye mpaka kwenye boksi, kisha chomoa taratibu na ulaze miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Lakini ndugu yangu wewe uko pwani, chumvi ya hewani utaiambia nini, pini zitashika kutu na katikati ya hadithi yako patakuwa na doa la kahawia. Shona. Na huko huko pwani yenu, Siyu kwenye kisiwa cha Pate kule Lamu, zamani mafundi walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kuijalidi, kwa hiyo usijione unafanya kitu cha ajabu.

Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia au sindano nene, moja katikati kabisa, mengine mawili sentimita 4 kutoka kila ncha. Uzi nusu mita, usugue kwenye mshumaa usijisokote. Anzia ndani, toka nje kwa tundu la kati ukiacha mkia wa sentimita 7, panda juu uingie ndani, kisha lipite la kati bila kuligusa ushuke mpaka la chini, toka nje, rudi la kati uingie tena. Sasa una mikia miwili ndani, hakikisha mmoja uko kushoto na mwingine kulia kwa ule uzi mrefu, kaza, funga fundo. Dakika tano, ukizoea mbili.

Kurasa za ndani zinachomoza na kava la manila linapasuka kwenye mkunjo. (Arusha)

Kuchomoza ni kawaida, karatasi ya ndani inasukumwa na unene wa zilizoizunguka. Ukishashona kata ukingo kwa rula ya chuma na kisu kikali, mkasi utakuacha na mawimbi. Manila usiikunje hivi hivi, pitisha kwanza kalamu iliyoisha wino kwenye mstari wa mkunjo, ikiachia mfereji ndo ukunje.

Nahitaji ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu? Na nikitoa kijitabu bado naweza kupeleka hadithi kwenye shindano? (Nairobi)

ISBN kwa kuuzia rafiki na watu wa kwenye matamasha huhitaji. Duka la vitabu likikudai, kwenu wanatoa Kenya National Library Service, huku kwetu Tanzania ni Bodi ya Huduma za Maktaba. La shindano ndo la kuangalia sana, mengi yanataka hadithi ambayo haijachapishwa popote, na kuna waandaaji ambao hata nakala 20 za kushona wanahesabu imechapishwa. Soma masharti yao kabla hujaingia steshenari. Mimi hadithi ninayoitegea shindano huwa inabaki kwenye laptop, za kushona ni zile zingine.